Pothosi, monstera na wenzao: kabla ya kunyanyua kopo la maji, pima mwanga

Mtunza Majani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Haupiti muda humu bila mtu kuweka picha ya pothosi, ule mmea wa ndani unaotambaa, yenye majani ya njano na swali lile lile chini yake: "Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Wanakuja wachangiaji, kila mmoja na hesabu yake. Huyu mara moja, yule mara mbili, mwingine kikombe kimoja kila asubuhi. Wote wanaweza kuwa sahihi majumbani kwao na wote wakaumaliza mmea wa aliyeuliza.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali lenyewe ndilo lina kasoro. Mmea haujui Jumatatu wala Ijumaa. Unakunywa kwa kadiri ya mwanga unaoupata, na mwanga wa ndani ya nyumba ndicho kitu ambacho macho yetu yanatudanganya kuliko kingine chochote.

Tuanze na namba kidogo. Nje, jua la saa sita mchana bila wingu, mwanga hufika kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Kwenye kivuli cha wazi, pale ambapo jua halikupigi ila anga unaiona, bado ni luksi elfu kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10,000. Sasa ingia sebuleni usimame mita tatu kutoka dirishani. Hapo mara nyingi ni mamia tu ya luksi, na kwenye kona nyuma ya kabati zinaweza zisifike hata mia. Pengo hilo hulioni kwa sababu mboni inatanuka na ubongo unasawazisha, chumba kinaonekana kina mwanga wa kutosha. Jani halina mboni.

Mwanga ukiwa mdogo, jani linatengeneza chakula kidogo, linavuta maji kidogo, na udongo unakaa umelowa siku nyingi. Balaa linaanzia hapo. Mizizi nayo inapumua. Inahitaji oksijeni iliyo kwenye nafasi kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, oksijeni inapenya taratibu mno, karibu mara 10,000 taratibu kuliko inavyopenya hewani. Mizizi inakosa pumzi, inadhoofika, kisha vimelea vya kuozesha mizizi vinavyopenda unyevu, kama Pythium, vinamalizia kazi. Na mzizi uliooza hauvuti maji, kwa hiyo jani linalegea kama lina kiu. Mwenye mmea anaona limelegea, anaongeza maji.

Ndiyo maana nikisikia mmea umekufa kwa "maji mengi" huwa nauliza ulikuwa umekaa wapi. Maji yale yale, ungekuwa karibu na dirisha, huenda ungeyamaliza bila shida.

Nikipata majibu yenu nitaendelea na udongo, vyungu na mambo ya kupandisha.

Kivuli Chepesi

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Dada wa Korido

Ahsante kwa uzi. Ila mimi niliambiwa hii ni mimea ya kivuli, ndiyo maana pothosi yangu nimeiweka koridoni, mbali na madirisha. Haijafa. Imerefuka tu, majani madogo madogo na kati ya jani na jani pamekuwa parefu. Sasa unaniambia inataka jua?

Mtunza Majani

Dada, jua na mwanga ni vitu viwili. Ngoja nieleze zinakotoka, halafu utaiona korido yako kwa jicho jingine.

Pothosi, Epipremnum aureum, asili yake ni kisiwa cha Mo'orea huko Polinesia ya Ufaransa. Monstera deliciosa, ile yenye majani makubwa yenye matundu, inatoka kwenye misitu ya kusini mwa Meksiko mpaka Panama. Filodendroni ya majani ya kopa na singoniamu ni za Amerika ya kitropiki. Scindapsus pictus, ile yenye madoa ya rangi ya fedha, ni ya Asia ya Kusini-Mashariki. Zote hizo ni familia moja, Araceae, na zina tabia moja: zinaanzia chini msituni kwenye giza, zinatafuta shina la mti, zinalikumbatia kwa mizizi hewa, ile inayotoka kwenye shina juu ya udongo, na kupanda kuufuata mwanga.

Kuna jambo moja hapa ambalo mimi hunichekesha kila nikilikumbuka. Mwaka 1975 watafiti Donald Strong na Thomas Ray waliandika katika jarida la Science kuhusu jamii moja ya monstera ambayo mche wake, ukishaota sakafuni mwa msitu, haukimbilii mwanga hata kidogo. Unatambaa kuelekea upande wenye giza zaidi. Kwa nini? Kwa sababu upande wenye giza zaidi ndiko liliko shina nene la mti. Ukishaligusa shina, unageuza msimamo na kupanda juu kwenye mwanga.

Kwa hiyo giza kwa mimea hii ni njia ya kupitia, si makazi. Huko chini majani ni madogo na pingili ni ndefu, maana mmea uko safarini unatafuta pa kushika. Hicho ndicho unachokiona koridoni. Pothosi yako iko safarini tangu ulipoiweka hapo, na haijafika popote.

Isogeze. Mita moja au moja na nusu kutoka dirishani, mahali ambapo mmea ungekuwa na macho ungeiona anga. Jua laini la asubuhi halina neno. Jua kali la mchana linalopita kwenye kioo na kutua moja kwa moja juu ya jani, hilo linaunguza. Utaona mabaka yaliyopauka, kisha yanakauka rangi ya kahawia. Jani lililoungua halirudi.

Kama huna kipimo cha mwanga, tumia mkono. Saa za mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, nyoosha mkono juu yake kama sentimita 30. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mkali. Kikiwa kimefifia lakini vidole unavihesabu, hapo pazuri kwa wengi wa kundi hili. Ukiona wingu tu la kijivu, au usione kitu, mmea utaishi kwa akiba na siku akiba ikiisha utaanza kuangusha majani.

Mzee wa Mbolea

Hapo kwenye akiba umegusa penyewe. Mtu ananunua monstera imenona, anaiweka kona ya giza, inakaa miezi bila kuonyesha dalili, anatangaza kwamba "inapenda giza". Kumbe inakula ilichobeba kutoka kitaluni.

Kaka Stuli

Ofisi yetu dirisha moja na liko kwa bosi 😂 Sisi wengine tufanyeje?

Mtunza Majani

Taa, kaka. Na si lazima iwe ile ya zambarau inayofanya chumba kionekane kama jukwaa la muziki. Taa ya kawaida ya LED nyeupe yenye nguvu inafanya kazi, ila iwe karibu: sentimita 20 hadi 40 juu ya majani, iwake kwa muda wa saa kama 12 kila siku. Umbali ndiyo siri. Kwa taa ndogo kama hiyo, ukiisogeza mara mbili ya umbali wa mwanzo unabakiwa na karibu robo ya mwanga. Taa ya dari inayokutosha wewe kusoma, kwa jani lililo mita mbili chini yake ni kama haipo.

Fundi Chungu

Mwanzisha uzi, mwanga nimekubali. Ila kwenye kuoza mizizi, dawa ipo ya siku nyingi: weka changarawe chini ya chungu, maji yapate pa kushukia. Hapo hata ukizidisha maji hakuna tatizo. Tumefanya hivyo miaka yote.

Mtunza Majani

Fundi, heshima yako, lakini hapa tutabishana.

Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye changarawe kwa urahisi unaoufikiria. Udongo laini unayashika maji kwenye nafasi zake ndogo, na hauyaachii mpaka sehemu yake ya chini kabisa iwe imeshiba. Kila udongo ndani ya chungu una tabaka la chini linalobaki limeloa baada ya maji kuacha kutiririka. Unene wa tabaka hilo unategemea udongo wenyewe, si kilicho chini yake. Ukitia changarawe sentimita tano, tabaka lile lile linapanda juu sentimita tano, karibu zaidi na mizizi.

Jaribu na sifongo ya kuoshea vyombo. Iloweshe, ilaze bapa juu ya waya mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe kwa ubavu. Itadondosha tena. Maji yalikuwemo muda wote, waya ulikuwa wazi chini yake, na hayakushuka. Kilichoyatoa ni kimo cha sifongo kuongezeka. Ndiyo maana pia chungu kifupi na kipana kinakaa na unyevu mwingi kuliko kirefu chenye udongo ule ule.

Kinachosaidia ni udongo wenyewe kuwa na nafasi kubwa za hewa kuanzia juu hadi chini. Hawa msituni mizizi yao mingi imeshika gome la mti au takataka za majani, haijafukiwa kwenye tope. Mimi napenda sehemu mbili za usumba wa nazi au mboji iliyochekechwa, sehemu moja vipande vya magome, sehemu moja perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi) au mawe mepesi ya volkano. Udongo wa bustani peke yake unashikana na kuwa tofali baada ya muda.

Fundi Chungu

Sifongo nimeijaribu. Imedondosha kweli 😅 Lakini kile kijiwe kimoja cha kuziba tundu udongo usitoke sikiachi.

Mtunza Majani

Kijiwe ruhusa. Kipande cha wavu ni bora zaidi.

Zulekha wa Vyungu

Na vile vyungu vizuri vya urembo visivyo na tundu? Nina viwili, fundi anasema akitoboa vitapasuka.

Mtunza Majani

Usivitoboe. Acha mmea kwenye chungu chake cha plastiki chenye matundu, ukitumbukize ndani ya hicho cha urembo. Siku ya maji unautoa, unamwagilia kwenye sinki, unauacha uchuruzike, unaurudisha. Tatizo la chungu cha urembo ni moja tu: maji yanajikusanya chini na huyaoni. Chungulia.

Na usiruke ukubwa. Ukihamisha mmea, chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita tatu hadi tano tu za upana. Mizizi kidogo ndani ya udongo mwingi ni yale yale ya mwanzo: maji yasiyo na mnywaji.

Kivuli Chepesi

Sasa mkuu, turudi kwenye swali ulilolikataa. Nitajuaje siku ya kumwagilia?

Mtunza Majani

Kwa kugusa. Kidole ndani ya udongo mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na ubichi, achana nao. Kwa chungu kirefu tumia kijiti cha mbao kikavu, kichome mpaka chini, subiri kidogo, kichomoe. Kikitoka na rangi iliyokolea na udongo umeganda, chini kuna maji hata kama juu ni vumbi. Njia ninayoipenda mimi ni uzito: nyanyua chungu mara tu baada ya kumwagilia, nyanyua tena siku zikipita. Mkono unajifunza haraka kuliko unavyodhani.

Baadhi ya mimea inasema yenyewe. Scindapsus pictus inakunja majani kuelekea ndani ikiwa na kiu. Pothosi inalegea kidogo, majani yanapoteza ule ugumu wake. Lakini kabla ya kuyaamini majani, gusa udongo. Jani limelegea na udongo mkavu, ni kiu. Jani limelegea na udongo umelowa, hiyo ni mizizi. Toa mmea kwenye chungu uitazame. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa rangi ya hudhurungi nyepesi. Uliooza ni mweusi, unateleza, ukiuvuta ganda linatoka linabaki uzi. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa na spiriti, panda kwenye udongo mpya kwenye chungu kidogo zaidi.

Ukimwagilia, mwagilia kweli, mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Yale mambo ya kikombe kimoja kila asubuhi yanalowesha juu tu, mizizi ya chini inakauka na chumvi za mbolea zinabaki udongoni. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye kingo za chungu, pitisha maji mengi yakatoke chini, ukoko mwepesi uliobaki ukwangue.

Dada wa Korido

Asubuhi nakuta tone la maji kwenye ncha za majani na sijamwagilia jana. Ugonjwa?

Mtunza Majani

Si ugonjwa. Usiku jani halitoi mvuke mwingi lakini mizizi inaendelea kusukuma maji juu, yanatokea kwenye vitundu vya ncha. Udongo ukiwa na maji ya kutosha utaliona sana. Futa kama yanachafua fanicha.

Mama Rosheni

Kunyunyizia majani kwa chupa ya mvuke je? Mimi nafanya kila siku, wanasema inaongeza unyevu hewani.

Mtunza Majani

Mama, unyevu unaoongezeka unapotea maji yakishakauka, na ni dakika chache tu. Mbaya zaidi, majani yanayolala na maji juu yake yanakaribisha madoa ya bakteria na kuvu. Muda huo utumie kuyafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Vumbi linazuia mwanga, na ukifuta utawakuta wadudu mapema. Kama hewa ya chumba ni kavu kweli, panga mimea pamoja au weka mashine ya kuongeza unyevu. Pothosi na filodendroni hazina makuu, hewa ya kawaida ya nyumba zinaiweza. Baridi ndiyo haziiwezi. Nyuzi 18 hadi 29 za Selsiasi ndizo zinazozistawisha. Ikishuka chini ya 10 tegemea majani kuharibika. Upepo wa kiyoyozi usizipige usoni.

Mzee wa Mbolea

Nichomekee la kwangu. Mbolea ya maji yenye NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na itolewe wakati mmea unakua tu. Mmea uliosimama kukua kwa sababu ya giza, ukiupa mbolea humpi chakula, unamwongezea chumvi. Na usitie kwenye udongo uliokauka kabisa, unaunguza mizizi.

Mtunza Majani

👆🏾 Mzee kamaliza, sina la kuongeza.

Kaka Stuli

Nimekata jani la monstera nikaliweka kwenye maji. Limeota mizizi mingi mizuri. Muda umepita sana, hakuna chipukizi. Nisubiri mpaka lini?

Mtunza Majani

Usisubiri, kaka. Jani na kikonyo chake, bila kipande cha shina, vinaweza kuota mizizi na kukaa kijani muda mrefu, lakini chipukizi halitoki. Chipukizi linatoka kwenye jicho, na jicho liko kwenye kifundo cha shina, pale kikonyo kinapoungana nalo. Mara nyingi mzizi hewa unatokea karibu na hapo hapo. Kipandikizi kiwe na kifundo kimoja angalau, na jani moja. Kata chini kidogo ya kifundo, kitumbukize kifundo kwenye maji, jani libaki nje. Badili maji yakichafuka. Mizizi ikifika sentimita chache hamishia udongoni. Ikizoea maji muda mrefu inasumbuka zaidi kuhama. Wiki za kwanza baada ya kuhamisha usiache udongo ukauke kabisa.

Hilo la kukata lina faida ya pili. Ncha ya shina inatoa homoni, oksini, inayoyazuia macho ya chini yake yasiamke. Ukikata ncha, macho yanaamka, na mmea uliokuwa kamba moja unaanza kutoa matawi. Zile pothosi zilizojaa mnazoziona kwenye picha mara nyingi ni vipandikizi vingi ndani ya chungu kimoja. Basi dada wa korido, hizo kamba zako ndefu zikate vipande, uvioteshe vyote uvirudishe chungu kile kile.

Zulekha wa Vyungu

Yangu inaning'inia kutoka juu ya rafu, ndefu nzuri tu, ila majani ya chini yanazidi kuwa madogo. Hapo nina mwanga wa kutosha, vidole nahesabu.

Mtunza Majani

Kwa sababu inaning'inia. Mmea huu unaponing'inia unajiona bado haujapata mti. Ukiupandisha kwenye nguzo, mizizi hewa ikashika, majani yanaanza kuongezeka ukubwa moja baada ya jingine. Pothosi ile ile ya kiganja, ikipanda mti mkubwa kwenye nchi za joto, jani linaweza kufika karibu mita moja na likachanika kama la monstera. Nyumbani huwezi kufika huko, lakini tofauti utaiona.

Nguzo iwe kitu kinachoshika unyevu: ubao mkwaruzo, au bomba lililovikwa usumba mzito. Iwe na unyevu kiasi mizizi ipate sababu ya kuingia. Funga shina, usifunge kikonyo. Jani linahitaji kujigeuza. Upande wa shina wenye mizizi hewa ndio uelekee nguzo. Monstera ukitaka jani lenye matundu, hiyo ndiyo njia, pamoja na mwanga na umri. Mche mchanga hautoboki hata uupe nini.

Ukipenda zining'inie, sawa, ni mapambo. Kata ncha mara kwa mara tu.

Mama Rosheni

Nina mtoto anayetambaa na paka asiyeacha kitu. Nimesikia pothosi ni sumu.

Mtunza Majani

Ni kweli na ni muhimu. Familia yote ya Araceae niliyoitaja, pothosi, monstera, filodendroni, singoniamu, Scindapsus, ina vijisindano vya kalsiamu oksaleti ndani ya majani na mashina. Mtu au mnyama akitafuna, vinachoma mdomo na koo, mate yanatoka, midomo inaweza kuvimba, paka anaweza kutapika. Mara nyingi maumivu yenyewe yanamfanya aache, lakini ukiona uvimbe au kupumua kwa shida ni hospitali moja kwa moja, na paka ni kwa daktari wa mifugo. Ning'iniza juu kabisa. Ukikata vipandikizi, nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Ukitaka mmea wa kutambaa usio wa kundi hilo, hoya. Ni familia nyingine kabisa.

Kivuli Chepesi

Na ile habari kwamba inasafisha hewa? Nilisoma NASA, shirika la anga la Marekani, walithibitisha.

Mtunza Majani

Utafiti wa NASA upo, ni wa 1989, kiongozi wake Bill Wolverton. Tatizo ni kwamba mimea iliwekwa kwenye masanduku madogo yaliyofungwa, nyumba yako haijafungwa hivyo. Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring walikusanya matokeo ya tafiti za aina hiyo wakapiga hesabu: ili mimea ifikie kazi ambayo kubadilishana kwa hewa ya jengo tayari inaifanya, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Pa kukaa ungekosa. Fungua dirisha.

Fundi Chungu

Hahaha, hapo kwa mimea 1,000 fundi ningetajirika.

Swali la wadudu. Kuna vijinzi vyeusi vinaruka kila nikigusa chungu, na mwenzangu ana vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani.

Mtunza Majani

Vijinzi ni udongo usiokauka juu. Mabuu yake yanaishi kwenye sentimita chache za juu yakila kuvu na mizizi laini. Acha juu pakauke vizuri kati ya maji na maji, weka karatasi za njano zenye gundi kwa wanaoruka. Vikizidi, tafuta dawa yenye Bacillus thuringiensis israelensis, ni bakteria anayeua mabuu.

Pamba nyeupe ni vidung'ata. Pamba ya masikioni na spiriti ya asilimia 70, mguse mmoja mmoja, rudia kila baada ya siku chache maana mayai yanaendelea kuanguliwa. Tenga mmea. Utandu mwembamba na vidoti vilivyopauka kwenye jani ni utitiri, huyo anapenda hewa kavu. Osha majani pande zote mbili kwa maji ya kasi, kisha sabuni ya kuulia wadudu. Wabaya kuliko wote ni vithiripi, wadudu wadogo sana wembamba: jani linabaki na michirizi ya rangi ya fedha na vitone vyeusi vya kinyesi. Sehemu ya maisha yake kiko ndani ya jani, sehemu nyingine udongoni, kwa hiyo kupuliza mara moja ni kujisumbua. Rudia kwa wiki kadhaa, au kama mmea ni mmoja na wenzake ni wengi, utupe.

Dada wa Korido

Nimeshahamisha pothosi, iko karibu na dirisha la jikoni. La mwisho: mbona haitoi maua hata siku moja?

Mtunza Majani

Na haitatoa. Utafiti wa 2016 ulionyesha pothosi ina upungufu wa jiberelini, homoni inayoiamuru ichanue. Wakiinyunyizia homoni hiyo, inachanua. Ndiyo maana inaenezwa kwa vipandikizi tu.

Ukitaka maua, Hoya carnosa. Inataka mwanga zaidi ya pothosi, jua la asubuhi inalipenda, na udongo wake uache ukauke zaidi kabla ya maji. Ikichanua, maua yakidondoka usikikate kile kijiti kifupi yalikotokea. Mwaka ujao maua yanatokea pale pale.